Viti vya Nyuma

Bibi alikaa dirishani, lakini masikio aliyapeleka kiti cha mbele. Huko mama mmoja alikuwa akimweleza fundi wa magari, waliyekutana humo humo ndani ya basi, kwamba leo anakwenda kununua gari la viti saba.

"Umelijaribu?" fundi akauliza. "Nimezunguka nalo uwanjani kwa muuzaji, mara mbili." "Uwanjani! Dada yangu, hata mkokoteni unazunguka uwanjani. Lipandishe mlima, zima redio, jaza viti vyote. Gari tupu halisemi ukweli."

"Nivijaze na nani? Wanangu wote wako ng'ambo. Nanunua ili wakija tutoshe." "Basi pakia mifuko ya mchanga." "Mchanga utaniambia kama magoti yanabanwa huko nyuma?"

Fundi akacheka peke yake. "Twende wewe, kaka, nusu saa tu," mama akamsihi. "Ningekuja, ila kazini wananingoja."

Bibi hakungojwa na mtu. Hupanda basi asubuhi hadi mwisho wa njia, kisha hurudi nalo, siku ipite. Akakohoa ili aseme, "Mwanangu, mimi nitakaa nyuma." Basi likasimama, mama akashuka, na Bibi akabaki na neno lake mdomoni.