Damu Kwenye Shati la Katekista

Gari moshi lilikuwa linakaribia Tabora, na Tekla alijifanya kasinzia ili asikie vizuri. Kwenye benchi la mbele yake, dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, alikuwa akimsimulia mzee asiyemjua jinsi Modest, katekista wa Kwihara aliyeshtakiwa kwa kuua, alivyoachiwa huru.

"Waliitazama damu ya shati lake kwa hadubini, mzee. Chembe za damu ya mtu ni duara, hazina kitu ndani. Hizi zilikuwa kama mayai, kila moja na kiini chake. Damu ya kuku!"

"Yesu na Maria!" Mzee alikitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Yaani tone dogo namna hii linajua lilikotoka? Sasa mbona hakusema mapema?"

"Angesemaje, na kuku mwenyewe alipasuliwa kwa mganga ili yeye Modest asomewe bahati yake kwenye utumbo? Katekista! Aliona heri kitanzi kuliko padre ajue."

Tekla, mwenyekiti wa akina mama wa parokia, hakufumbua macho. Kwa kisigino alikisukuma kikapu chake ndani zaidi chini ya benchi. Gari likasimama kwa kishindo, na kuku aliyekuwa akimpeleka kwa mganga yule yule akapiga kelele hadi behewa zima likageuka.