Picha Iliyo Kwenye Fulana Zenu

Maneno haya yametungwa na mume wa marehemu, fundi wa kunoa visu, ambaye kalamu hakujaliwa. Ameyasema jikoni, binti yao ameyaandika, na ndiye anayeyasoma. Karatasi zitagawiwa baada ya kusomwa, si kabla. Wapo waliokuja na bango lenye picha, na fulana zenye picha hiyo hiyo, na wanataka bango lisimikwe kichwani pa kaburi. Walimwomba mumewe ruhusa, akawaambia watajibiwa leo. Jibu limo humu. Lakini wasubiri, kwa sababu mtu huzaliwa kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1954, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Alizaliwa kadogo. Mama yake alikuwa akisema nguo yake ya kwanza ilitoka kwenye mfuko wa suruali ya baba yake. Udogo ule haukuufikia mdomo.

Alianza shule mwaka 1962, akamaliza darasa la saba mwaka 1968. Hesabu alipata, kuandika alipata, kunyamaza hakupata. Siku moja mwalimu wa sayansi aliwatoa uwanjani akawapanga: wewe jua, wewe dunia, wewe mwezi. Marehemu akawa mwezi, kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko wote. Aliambiwa aizunguke dunia, huku dunia nayo ikilizunguka jua. Dunia alikuwa rafiki yake, msichana mnene asiyependa kukimbia. Dunia ikachoka, ikakaa chini. Mwezi ukapiga kelele, "Mwalimu, dunia imekaa! Mimi sasa nizunguke nini?" Dunia yupo hapa leo, na bado hukaa kila apatapo nafasi. Tangu siku ile marehemu akawa mtu wa kutazama juu.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha mikate, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka 2013. Alianza kwa kupaka mafuta makopo ya kuokea, akaishia kuwa msimamizi wa tanuri. Mwokaji huamka wenzake wanapogeukia upande wa pili. Akitoka nyumbani alfajiri aliiona ile nyota kubwa ya asubuhi juu ya paa la stoo ya unga, akaifanya saa: ikifika usawa wa bomba la moshi, amechelewa. Basi miezi ikaja nyota haipo, na yeye akaanza kuchelewa kweli. Bosi akamwita. Marehemu akamjibu, "Saa yangu imehamia jioni." Bosi alidhani anamchezea shere. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliitafuta nyota yake, akaikuta inang'aa jua linapotua, upande wa pili wa mji. Nyota ni ile ile moja. Huhama tu.

Mumewe alifika kiwandani hapo na baiskeli yenye jiwe la kunolea. Alinoa visu vya mikate, akaondoka. Kesho yake akaitwa, kuna kisu hakikati. Akakinoa tena. Keshokutwa akaitwa, kisu kile kile. Akakipitisha kwenye vinyweleo vya mkono, kikanyoa safi. Akasema, "Dada, kisu hiki kinakata." Marehemu akasema, "Najua kinakata. Kwani wewe nimekuita kwa ajili ya kisu?" Wakafunga ndoa tarehe 19 Oktoba 1974. Waligombana kama watu, kuhusu mlango kuachwa wazi na chumvi kuzidi. Hawakulala na kinyongo, maana marehemu hakujua kununa. Alijua kusema tu.

Sasa hilo kundi.

Alipostaafu, mwanawe wa kiume, mwendesha kreni, alimnunulia simu ya kioo kikubwa. Haukupita muda akaingia kwenye kundi la watu wanaotumiana picha za nyota na sayari, wakijadili kila kinachogunduliwa huko juu. Mle ndani walimwita Bibi Mkate. Mumewe hasomi. Yote anayoyajua kuhusu watu hao aliyasikia kwa kinywa cha mkewe, aliyekuwa akimsomea jioni yeye akiosha vyombo, kila mtu na sauti yake. Mkuu wa kundi anajiita Kamanda. Kazi yake ni kuuza mapazia. Mumewe alipoisikia sauti halisi ya Kamanda msibani, alisikitika. Mkewe aliiigiza vizuri zaidi.

Ni watu wa namna gani? Ni wambeya. Umbeya ni umbeya hata ukihusu nyota. Nani kampita nani, nani kamgonga nani, nani anakufa, nani kazaliwa juzi na hajulikani baba. Picha zenyewe zimepigwa na mitambo ya watu wengine, mbali huko, na wao wanagombania rangi zake kama wamezipaka wao. Kila wiki maji yamepatikana kwenye sayari fulani, na Kamanda anashangilia kana kwamba kisima kakichimba yeye. Yupo karani mstaafu ambaye neno lake ni moja tu, "Chanzo?", mpaka likawa jina. Ukimwambia Chanzo kuwa leo ni Jumanne, atataka ithibitishwe.

Kuna jioni mwezi ulipatwa. Marehemu alikuwa uani, shingo imekaza, anautazama unavyoliwa taratibu. Simu ikalia. Kundi zima lilikuwa linaulizana kama umeshaanza. Kamanda alisema bado, kwa sababu mtandaoni haijaonyeshwa. Mwezi uko juu ya bati lake, yeye anaungoja kwenye simu! Marehemu akawaandikia, "Tokeni nje, mbuzi nyie." Mmoja akamjibu kwamba nje kuna mbu.

Mumewe akamwuliza, "Kwa wajinga hawa unapata nini, mama watoto?"

Akasema, "Napata wa kubishana naye. Wewe hubishi. Wewe unaosha sahani."

Januari 2023 chakula kilianza kumkataa. Mkate wenyewe aliouoka maisha yake yote ukamshinda. Tarehe 2 Februari alipimwa hospitali kwa ile mashine inayopita juu ya tumbo, akapewa picha kwenye kikaratasi kinachoteleza. Daktari akasema ni uvimbe, uko kwenye ini. Binti, anayefundisha chekechea mji mwingine, akaomba atumiwe picha ile amwonyeshe daktari wa huko. Marehemu aliiweka mezani karibu na dirisha, akaisogezea simu kabisa ili uvimbe uonekane vizuri. Jina lake na maandishi yote yakabaki nje. Ukaonekana weusi tu, na wingu la kijivu, na katikati ya wingu, kitu cheupe. Akatuma. Kwenye simu yake, jina la binti na la kundi yalikuwa yamekaa juu na chini, kidole kikakosea. Ikaenda kundini.

Aliingia jikoni ameshika simu kwa mikono miwili. Akasema, "Baba watoto, sikiliza haya." Akasoma.

Kamanda: "Jamani! Bibi katuletea kitu leo! Hilo ni wingu la kuzalia nyota. Tazameni pale katikati panavyong'aa!"

Chanzo: "Chanzo?"

Kamanda: "Chanzo, chanzo! Wewe hata mama yako akikuita utamwuliza chanzo."

Marehemu alikuwa ameshaandika, "Ni yangu mwenyewe." Hakusema uongo.

Kamanda: "Mmesikia? Kapiga mwenyewe! Bibi ana darubini na anatuficha! Sasa niwaeleze. Hicho cheupe ndiyo nyota inazaliwa. Inakula kila kilicho pembeni yake."

Marehemu akawauliza, "Kwa hiyo kinakua?"

Kamanda: "Kinakua sana, Bibi! Hiyo ni hatua ya mwanzo tu. Kitalijaza wingu lote. Uzuri wake hapo bado hujauona."

Daktari alikuwa amemzungukazunguka asubuhi nzima, mara tutaona, mara tusubiri majibu. Muuza mapazia akamaliza kwa sentensi nne.

Marehemu akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mumewe hakucheka. Alikuwa na sahani mkononi, na sahani hiyo sasa ni vipande. Akasema, "Lete hiyo simu niwatukane."

"Utawatukanaje, nawe kuandika hujui?"

"Nitawatukana kwa sauti. Si mlisema inapokea sauti?"

Marehemu akamnyang'anya simu ambayo mumewe hata hakuwa ameishika. Akasema, "Usithubutu. Wakijua, itakuwa pole Bibi, pole Bibi, mpaka nife. Nani atanibishia? Hospitali mimi mgonjwa, kwa watoto mgonjwa, kwako mgonjwa, hata muuza maziwa kaanza kunisemesha kwa sauti ya chini. Mle ndani bado ni Bibi Mkate. Niachie hapo mahali pamoja tu. Nikishaondoka, sema utakavyo."

Mumewe alinyamaza, kama alivyoombwa, na kunyamaza ndiyo kazi anayoiweza. Kundi lilikipa kitu kile jina, Wingu la Bibi, wakakiweka kuwa uso wa kundi. Kila asubuhi walikisalimia. Wageni waliojiunga walionyeshwa, wakasifu uzuri wake. Mwenye nacho alikuwa chumbani anageuzwa ubavu, shuka linabadilishwa, uji unakataliwa. Na bado akawa anawajibu. Akichoka kuandika, binti, aliyekuwa amerudi kumuuguza, aliandika, yeye akitaja maneno.

Ubishi wake wa mwisho ulikuwa na Kamanda. Kamanda alishikilia kwamba nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni mbili. Kamanda wa anga huyo. Marehemu akamjibu, "Ni moja, mjinga wewe. Huhama tu." Kisha akamwambia mumewe afungue dirisha la upande wa stoo ya unga, kwa kuwa saa yake ilikuwa imerudi asubuhi. Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 11 Novemba 2023, mumewe akiwa pembeni, nyota ikiwa bado haijafika kwenye bomba la moshi. Siku hiyo hakuchelewa.

Siku iliyofuata Kamanda na Chanzo walikuja kutoa pole. Wakakaa kwenye benchi la uani. Kamanda akasema, "Mzee wetu, tunaomba Wingu la Bibi liwekwe kichwani pa kaburi. Bango tumeshachapisha. Ndilo alilotuachia."

Mumewe akamwuliza, "Unajua ni nini?"

Kamanda akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto. "Mzee, haya mambo ni marefu kidogo. Tuseme tu ni gesi."

Mumewe ana visu vingi ndani. Ashukuriwe Mungu alikuwa ameketi nje.

Chanzo alikuwa analia. Siku ile hakuuliza chochote.

Basi jibu ni hili. Bango halisimikwi. Kaburi ni la mtu, si la uvimbe. Mlichokichapa, mkakisalimia kila asubuhi na kukisifu kwamba kinakua, ni ini la mke wa mtu na kitu kilichomuua. Si gesi. Hakikuwa mbali. Kilikuwa mita mbili kutoka kwenye sinki la vyombo, na macho yenu hayakukiona, kama yasivyouona mwezi juu ya mabati yenu.

Marehemu ameacha mume mmoja, binti mmoja, mwana mmoja, mkwe, wajukuu wanne na mdogo wake wa kike anayeketi mstari wa mbele. Ameacha pia rafiki yake wa tangu shule, yule Dunia. Hapo mumewe alitaka kukomea. Binti alimsomea mpaka hapo, kisha akasema, "Baba, na kundi je? Mama angewataja." Wakabishana. Ulikuwa ubishi wa kwanza katika nyumba hiyo tangu msiba uingie, na mumewe alishindwa. Basi ameacha na kundi lake, watu wasiojua wanachokitazama, ambao hata siku moja hawakumwambia pole Bibi.

Kwa ajili ya hilo mumewe anaongeza jambo moja. Mkianza kushika pindo za fulana zenu, msizivue. Marehemu aliibeba picha hiyo akijua, toka Februari hadi Novemba, huku anawabishia. Nyinyi mmeibeba toka asubuhi bila kujua. Sasa mnajua. Bango laza chini, Kamanda, kisha mje mbele wote wenye fulana, mlibebe jeneza. Kamanda atangulie. Na wewe Chanzo shika upande wa kichwani. Uliuliza mara nyingi, na hukujibiwa. Chanzo ni huyo mkononi mwako. Ni mwepesi, usiogope.

Apumzike sasa mama watoto. Amezunguka vya kutosha.