Maji ya Mvua ya Kwanza

Benchi la dukani kwa Mama Casimira limeegemea ukuta wa udongo, upande wenye kivuli, na wenyewe ni wanaume wawili wasio na haraka. Eligio tunamwita Betri, kwa sababu redio yake ndiyo pekee kijijini. Fermín ni Reli. Alipakua mizigo stesheni miaka ishirini. Mimi huwapa salamu tu nikapita. Lakini Jumanne ile ya Agosti nilisimama pale mlangoni nimempakata mwanangu Tranquilino, aliyekuwa anaharisha siku ya tisa. Daktari wa mjini alisema ni joto. Betri alikuwa na gazeti.

Betri: Bomu moja, jamani. Moja tu, na mji mzima wa Wajapani haupo.

Reli: Uongo. Mji haumaliziki kwa bomu moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Mama Casimira: Hiyo ni ya akiba, Reli. Kunywa kahawa yako.

Betri: Mimi nasoma kilichoandikwa. Wanasema walilijaribu kwanza hapa kwetu, jangwani, mbali na watu.

Mama Casimira: Mbali na watu? Kwani mimi mbuzi?

Reli: Ngoja. Ile alfajiri ya Julai, lile jua lililotangulia jua?

Betri: Ndilo hilo.

Mama Casimira: Askari alisimama hapo ulipo akaniambia ghala la risasi limelipuka. Nikamtilia kahawa, na mkate nikampa.

Reli: Mimi nilijua si risasi. Nikasema hawa wanaita mvua. Wingu ukiliunguza, linatoa jasho.

Betri: Na darasa la pili hukumaliza.

Reli: Mvua haikunyesha siku mbili baadaye? Sasa mjinga nani? Nisikilizeni. Makasha ya kwenda kule mlimani kwa wale wasomi wanaolindwa na jeshi niliyapakua mimi, kila kasha na askari wawili. Mpwa wangu aliwafulia nguo miaka miwili. Hata jiko la kuni hawajui kuliwasha, kazi yao kugombana ubaoni na chaki. Wale walikuwa wanasaga jua.

Betri: Kwenye kinu?

Reli: Wanakata kipande, wanakisaga, wanakishindilia kwenye chuma. Ndiyo maana joto la mwaka huu limezidi.

Betri: Gazeti linasema ni madini. Chembe ndogo kuliko vumbi, ikipasuka inampasua mwenzake, naye mwenzake.

Reli: Kama umbea wa Casimira.

Mama Casimira: Na yale majivu?

Majivu yalituangukia asubuhi ile ile, meupe, laini kama unga uliochekechwa. Yalitanda juu ya mapaa na juu ya nguo zilizoanikwa. Watoto waliyachezea.

Betri: Majivu hayakuandikwa.

Reli: Majivu ni dawa. Bibi yangu alisugulia meno.

Mama Casimira: Kuku wangu sita hawakuwa na meno. Wamekufa wote.

Nikainua macho kwenye paa la duka. Huku kwetu tunakunywa maji ya paa, maana mto ni mchanga na kisima ni chumvi. Tumerithi kwamba mvua ya kwanza ni ya kuosha paa: unaugeuza mfereji umwage nje, na ya pili ndiyo unaikinga. Mwaka huu tangi lilibaki tope, na maziwa yangu yalikuwa yamekauka. Mvua ya kwanza ilipokuja, siku mbili baada ya yale majivu, nilipanda ngazi mwenyewe, nikaugeuza mfereji uingie ndani. Nilimshukuru Mungu nikiwa juu ya ngazi.

Nikasema:

— Samahanini, wazee. Mimi nilikinga ya kwanza.

Reli: Kumbe Delfina una sauti.

Betri: Nani hakukinga, binti yangu? Kwa ukame ule? Sote tulikinga.

— Basi nimpe maji gani?

Betri aligeuza gazeti upande wa pili, akasoma, akaligeuza tena. Mama Casimira alisimama na birika lake mkononi, hamtilii mtu.

Tranquilino akaanza kulia, kile kilio chake kikavu kisicho na machozi. Niliwangoja. Niliwatazama mmoja mmoja, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya. Kisha nikatoa chupa niliyoijaza asubuhi nyumbani, kwenye tangi, nikamwinua kichwa, nikamnywesha.