Taulo Chini ya Godoro

Baba Pacha: Haloo? Ni nani?

Mama Pacha: Mimi.

Baba Pacha: Mimi nani? Paza sauti, hapa kuna pampu, naosha lori.

Mama Pacha: Mama Pacha. Usikate! Nimeazima simu, najua yangu hupokei.

Baba Pacha: Watoto hawajambo?

Mama Pacha: Mdogo anaumwa. Ametokwa na mabato shingoni.

Baba Pacha: Mabato?

Mama Pacha: Kama yako ya mapajani. Duara, kingo zimeinuka, katikati pakavu... Baba Pacha, mtoto wa miaka sita!

Baba Pacha: Sasa yeye naye ana hawara?

Mama Pacha: Daktari kamkwangua ngozi kidogo, kaitazama kwenye darubini. Fangasi. Wanapenda jasho na unyevu. Akaniuliza, nani nyumbani anashinda na nguo mbichi?

Baba Pacha: Ukamjibu?

Mama Pacha: Nililia tu.

Baba Pacha: Mimi si nilikwambia? Nilikwambia ni maji ya kazi, ukani—

Mama Pacha: Ulisema. Na ile krimu niliyokununulia bila kuuliza mtu, kumbe ndiyo iliyoyazidisha.

Baba Pacha: Haloo? Unakatika... Mtoto kayapata wapi? Mimi nimetoka nyumbani miezi miwili.

Mama Pacha: Taulo lako. Alilificha chini ya godoro, halijafuliwa. Analala nalo, anasema lina harufu ya baba.

Baba Pacha: (anazima pampu)

Mama Pacha: Upo?

Baba Pacha: Nipo. Mpe dawa mpaka iishe, hata yakifutika. Taulo lichemshe, ulianike juani.

Mama Pacha: Rudi uchemshe mwenyewe. Nilikosa, mume wangu. Nimekosa sana.

Baba Pacha: Mama yangu ulimwambia nini siku ile?

Mama Pacha: Tuyaache hayo—

Baba Pacha: Ulimwambia nini?

Mama Pacha: Kwamba... umeleta ugonjwa wa wanawake wa nje.

Baba Pacha: Nilipokwenda kumuaga alificha mkono ndani ya khanga. Mama yangu mzazi. Hakunipa mkono.

Mama Pacha: Nisamehe. Salio linaisha, niambie utarudi!

Baba Pacha: Kwanza nenda kamwambie ukweli.

Mama Pacha: Nani?

Baba Pacha: Mama.

Mama Pacha: Baba Pacha... mama si tulimzika mwezi ja—

Baba Pacha: Najua tulimzika. Nenda kaburini, kamwa—

(Simu imekatika.)