Bi. Nasra na Leseni Iliyokwama Ilagala

Tarehe 30 Juni 2023, Bi. Nasra Mwinshehe, mtunza kompyuta wa ofisi yetu ya Katubuka, anastaafu baada ya kulitumikia shirika letu la maji kwa miaka ishirini na mitatu. Mwenyewe hakutaka makala haya yaandikwe. Tuseme ukweli, Bi. Nasra ni mwoga: anaogopa radi, anaogopa sifa, na kompyuta isiyosumbua ndiyo inayomtisha zaidi.

Mahesabu ya dawa ya kutibu maji tuliyafanya kwenye daftari la kompyuta, na programu yake ilihitaji leseni, yaani kibali cha kuitumia. Tulikuwa na moja tu, ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ukifungua daftari, hata kama huna hesabu yoyote, linaishikilia leseni mpaka ulifunge. Hatukujali, hadi mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika ufukweni mwa ziwa na kipindupindu kikaanza kuua.

Siku moja mvua ilikuwa imeleta tope ziwani, kipimo cha dawa cha jana hakifai tena. Maboza, yale magari ya kubeba maji, yamejaa yakisubiri dawa, kompyuta ikagoma: leseni inatumika. Mhandisi wetu Feliksi alikuwa nayo kijijini Ilagala, daftari wazi, simu haipatikani. Dawa ikipungua, watu wanakufa. Ikizidi, maji hayanyweki. Amuri, dereva wa boza la kwanza, alichungulia dirishani akasema, "Dada Nasra, kule watoto wanakunywa ya ziwani hivyohivyo." Tuliogopa mno.

Njia ilikuwa moja: kuizima kompyuta kuu inayogawa leseni, kisha kuiwasha upya. Isipoamka, leseni imepotea, na kuipata nyingine kutoka ng'ambo ni majuma. Bi. Nasra akasema Bismillahi, akaizima. Ilipoamka tulilia, mimi wa kwanza, kisha tukapiga hesabu na maboza yakaondoka.

Feliksi alipoteza kazi yake yote ya siku ile, akanuna mpaka alipopikiwa samaki, migebuka. Bi. Nasra yeye alikosa usingizi. Alilihangaikia daftari lile mpaka likawa linafunguka bila leseni, linaiomba pale tu hesabu inapoihitaji, na hesabu ikiisha linairudisha. Tangu hapo hakuna boza lililosubiri leseni.

Juzi alitukabidhi nywila za kompyuta kuu. Tukatazamana, kila mtu akimsukumia mwenzake.

Ahsante sana, dada yetu. Mungu akujalie afya na usingizi mnono huko Ujiji. Zamu ya kuogopa sasa ni yetu.