Mkono wa Anselm

Sikilizeni, wanangu, na wewe Placida acha kunirekebishia mto, mto hauna kosa. Laurean, washa hiyo simu yako irekodi, maana haya nikishayasema sitayarudia, na pumzi niliyobaki nayo ni ya kupima kwa kijiko.

Nyumba hii ya Kingsbury, hapa Landani, ni yenu wawili, sawa kwa sawa, na kibanja cha Kamachumu kisiuzwe, migomba ile aliipanda babu yenu. Hayo yamekwisha. Sasa niseme la kaka yenu Anselm, ambalo nimelimeza miaka kumi na tisa.

Mnajua alivyokufa: alitoka dukani kwa Kanti na pakiti ya unga, akasimama kuongea na mzungu mmoja aliyekuwa akiendesha naye mabasi. Polisi walikuwa wamepigiwa simu kwamba kuna mtu mweusi, mrefu, ana bastola. Weusi warefu Landani wamejaa tele, lakini wakamwona yeye. Wakapiga kelele asisogee. Anselm akautoa mkono mfukoni mwa koti, wakampiga risasi mbili. Mfukoni mlikuwa na leso, alikuwa na mafua. Yule mzungu alikuwa na mikono yote miwili mfukoni, na humo ilibaki hadi ambulensi inafika, hakuna aliyemwuliza kitu.

Kwenye uchunguzi wa kifo askari aliapa kwamba Anselm alikuwa anachomoa silaha. Nikaulizwa mimi, baba mtu: kwa nini autoe mkono ilhali ameambiwa asisogee? Nikasema sijui. Wanangu, nilijua. Mimi ndiye niliyemfundisha, tangu Bukoba kabla hatujaja huku, tena kwa makofi, kwamba mkubwa akikusemesha na mkono wako uko mfukoni ni ufedhuli, utoe, usimame wima. Samaki mkunje angali mbichi, nilimkunja, akakunjika. Hakuwa anachomoa kitu, alikuwa anawapa heshima yao. Niliona haya, nikaogopa watasema baba ndiye aliyemuua, na kwa kimya changu yule askari akarudi kazini, na mwanangu akaandikwa kuwa mtu wa shari.

Kanti ni mzaliwa wa Mwanza, aliona yote kupitia kioo cha duka, akaniambia, "Bwana, mtoto wako alisimama kama yuko mbele ya mwalimu mkuu." Kwa neno hilo nimemnunia miaka yote hii, kumbe kosa lake ni kusema kweli. Nendeni mkaniombee radhi.

Na sauti hii mpelekeeni wakili wetu, Kalpana, aliyesema faili halifunguliwi bila ushahidi mpya. Ushahidi ni mimi. Msingoje matanga yaishe. Aseme kwamba aliyeua si adabu, aliyeua ni mtu aliyemwogopa mweusi kabla hajamtazama usoni. Hilo nalo limenichukua miaka kulijua.

Maji, Placida... basi, yatosha. Mungu awape umri, awape watoto wa kuwazika nyie, msije mkawazika wao... Laurean, baba yako anaongea na wewe umesimama mkono mfukoni? Utoe... Hapana. Hapana, mwanangu. Uache. Uache hapo hapo ulipo.