Maman Céline Mwansa na Picha za Diski ya Goma

Mpendwa wetu Céline Mwansa alizaliwa Katuba, Lubumbashi, tarehe 14 Agosti 1979, mtoto wa Papa Symphorien Mwenze, fundi wa reli, na Mama Chileshe. Mama alituambia kwamba kichanga huyo alisinzia treni ilipopita tu. Ikichelewa, alikaa macho, akiisikilizia.

Alisoma kwa masista hapo hapo Katuba. Miaka ile reli ilikuwa ikifa polepole, mshahara wa baba haukuja, na madawati yalibaki matupu moja baada ya jingine. Mama Chileshe aliuza unga, Céline akaendelea. Alipata diploma ya taifa mwaka 1998, vita vikianza upya, na licence ya informatique, yaani shahada ya elimu ya kompyuta, Chuo Kikuu cha Lubumbashi mwaka 2005, baada ya migomo mingi.

Mwaka 2008 alifunga ndoa na Rigobert Kakule, mfanyabiashara wa Butembo. Walijuana siku Rigobert alipomletea kompyuta iliyomeza picha za marehemu mama yake. Céline alizirudisha. Kesho yake Rigobert akaja tena na gunia la maharagwe. Alidai ni shukrani tu. Sisi nduguze Céline hatukumsadiki.

Kuanzia 2014 alitumikia shirika la zahanati lenye ofisi Lubumbashi na zahanati kubwa Goma. Kila siku alipiga picha ya diski nzima ya Goma, yaani nakala kamili ya majina na dawa za wagonjwa jinsi zilivyokuwa saa ile, akaihifadhi huku kwetu. Ni yeye aliyeweka sheria picha ikae muda gani, na kwamba mtu mmoja asiweze kuifuta peke yake, hata yeye mwenyewe. Binti yake Abigaëlle alipomuuliza kazi yake, alimjibu, “Nachunga usingizi ya machine. Kama inaamuka bila kujua jina yake, mi naiambia.”

Mwaka 2024 nafasi ilijaa, na mkurugenzi, Papa Chadrack, akataka zibaki picha za juma moja tu. Céline alimwambia kwa upole, “Papa, ugonjwa ya machine inaweza kukaa ndani bila kuonekana. Tukifuta za zamani, tutabakia na picha ya ugonjwa tu.” Papa Chadrack akafikiri, akanunua diski kubwa zaidi.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa waasi. Zahanati iliporwa, mashine zikabebwa, wagonjwa wakatawanyika. Huku Lubumbashi mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mabati, naye Céline ameketi dirishani akifungua picha ya mwisho: majina nusunusu. Ya kabla yake, vilevile. Diski ilikuwa imeumia kitambo na hakuna aliyejua. Alitusimulia kwamba alijiona kama anatembea ndotoni, akibisha hodi kwenye nyumba zisizo na watu. Akarudi nyuma, na nyuma tena, hadi picha ya katikati ya Desemba. Hiyo ilifunguka nzima, majina yakajitokeza kama watu wanaotoka ukunguni.

Muuguzi Syntiche, aliyekimbilia Beni, alipiga simu kumuulizia Graciella, mtoto mwenye ugonjwa wa damu.

“Iko,” Céline alimjibu. “Minamuona hapa. Baendelee kumupa ile dawa yake.”

Majina yaliyoongezwa baada ya picha hiyo wauguzi waliyakumbuka kwa simu, si yote. Wagonjwa ambao hawakupatikana alizidi kuwaombea katika sala.

Mwezi wa Machi madaktari walimkuta na kansa ya matiti. Alipolazwa, mwenzake wa kazini, Yannick, alimhakikishia kwamba nakala zote ziko salama. Céline akamuuliza, “Mulizifungua?” Yannick akarudi ofisini kuzifungua. Céline alitutoka asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2025, nyumbani Katuba, Rigobert akimshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, Abigaëlle na Caleb, mama yake Chileshe, na sisi nduguze. Pia yuko Syntiche, aliyefika jana kutoka Beni. Yeye na Céline hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Bwana akupokee, Céline, na amani yake ikufunike.